Siku Televisheni Ilipokusomea Barua

Skola mwanangu,

Mama yako amelifunga begi lako mara mbili na kulifungua mara tatu, kwa hiyo habari za sweta, dawa ya kikohozi na tiketi ya basi la kesho namwachia yeye. Mimi nimekaa mbele ya kompyuta yako. Wewe uko Maposeni kumuaga bibi yako, na umesema utarudi kabla jua halijazama, basi nina mchana huu tu. Naandika humu kwa sababu barua ya karatasi ungelazimika kumpa mtu akusomee, na hii sitaki ipite kwenye mdomo wa mtu mwingine. Nimeiacha Sauti ikiwa imewashwa. Kila nikibonyeza herufi inaitamka, na nikikosea inalitamka kosa langu vilevile. Jina lako peke yake nimelikosea mara nne.

Unakumbuka ni mama yako aliyeanza kuiita Sauti, hiyo programu inayokusomea skrini, kana kwamba tumepata mtu wa nne nyumbani. Inasoma Kiswahili kama padri mgeni aliyefika mwezi uliopita, na zamani ilinikera. Wageni wakija nilikuambia uvae hedifoni, nikisingizia makelele, kumbe niliona haya mwanangu kusemeshwa na mashine. Hilo ni kosa, ila ni dogo. Nalitaja ili nizoee, maana kubwa linakuja.

Kompyuta yako ya chuo ilikufa wakati wa mavuno. Shangazi yako akakutumia kwa basi kutoka Mbeya ile aliyokuwa ameiacha kabatini, kuukuu, kona moja imepasuka. Nilidhani utaipeleka kwa fundi mjini. Wewe ukachomoa flashi kwenye mkoba na kusema utaweka Linux mwenyewe, kwa kuwa ni mfumo huria, hauuzwi, haulemei kompyuta ya zamani, na Sauti imo ndani yake tangu mwanzo. Nilikuuliza ukikwama je. Ukasema wapo watu wa kuuliza, dunia nzima, hawakujui na hawalipwi. Nikacheka. Mtu asiyekujua akusaidie kwa sababu gani, nikauliza.

Ukachomeka flashi, ukawasha, ukahesabu kimoyomoyo, ukabonyeza kitufe kinachopaswa kuiamsha Sauti. Kimya. Ukazima, ukawasha tena. Kimya. Nilikuwa nakutazama uso. Mtu anayeona akikuta kompyuta haina sauti anakosa muziki tu. Wewe ulikosa kompyuta yote.

Mimi ni mtu wa mashine ya kusaga. Miaka ishirini na mitatu nimesimama kwenye vumbi la unga, najua kwa sikio moja lililobaki kama mkanda umelegea au kinu kimeingia jiwe. Nikajiona ndiye fundi wa nyumba. Ulipokwenda kwaya nikaifungua kompyuta yako kwa bisibisi bila kukuuliza, nikaitoa spika, nikaigusisha betri ya redio. Ikakwaruza vizuri tu. Uliporudi ulipitisha vidole chini ya kompyuta, ukakuta skrubu moja haipo, ukajua.

"Baba, spika ni nzima," ukasema. "Kompyuta inaongea. Ila sijui inaongelea wapi."

Hukugomba. Uliniomba niitafute ile skrubu, tukaikuta ndani ya kiatu changu.

Ndipo nikawa macho yako. Naomba nikuambie nilichokiona siku zile, maana wewe hukujiona. Ulikaa kwenye kiti cha jikoni, kompyuta mapajani, mimi begani kwako na miwani yangu ya kusomea. Ulikuwa na hatua zote kichwani. "Sasa inauliza lugha, baba, sivyo?" Na kweli inauliza lugha. "Teremka mara sita." Unateremka, nakuta upo hasa kwenye neno ulilolitaka. "Sasa itasema itafuta kila kitu, usiogope." Niliogopa. Uliijenga nyumba nzima gizani, na mimi mwenye macho mawili sikuona hata msingi uko wapi. Kadi ya intaneti ilipokataa, ulichomeka modemu ya zamani ya shangazi na kuandika mistari kama mitano ya maneno ambayo siyajui, taa ya modemu ikawaka. Uliniuliza imewaka rangi gani. Nilisema bluu, na nilijisikia fahari utadhani nimeiwasha mimi.

Sasa makosa yangu. Nilikuwa msomaji mbaya, Skola, na ubaya wenyewe ulitokana na kujiona mjuzi. Skrini ilikuwa ikijaa mistari ya Kiingereza kibovu cha mashine, mimi nikiitazama na kukuambia, "Hamna kitu hapa, ni takataka." Uliniambia nisome yote. Nikasoma mstari wa kwanza na wa mwisho. Nilidhani nakupunguzia kazi. Siku tatu ulinihoji kuhusu orodha moja ya mahali ambapo sauti inaweza kutokea, na siku zote tatu nilikusomea ule mstari uliokuwa na neno ninalolijua, "spika", nikauruka ule wa juu yake kwa sababu ulikuwa na herufi tupu na namba.

Kuchuja kuna utamu wake. Ukishaanza kumchagulia mtu cha kusikia, mkono unazoea.

Kila asubuhi kabla sijaenda mashineni ulikuwa ukifungua barua pepe na kuniuliza, "Kuna kitu?" Ulikuwa umeomba ile kazi ya Dodoma, kwenye kile kituo kinachofundisha wasioona kompyuta. Simu zetu ni vitochi, hazikuwa na msaada. Kompyuta ilikuwa mlango wako pekee, na mimi ndiye bawabu. Ijumaa moja barua ikaja. Nilisoma kichwa chake nikiwa nyuma ya bega lako: mwaliko wa kazi. Nikasoma chini: ujibu ndani ya siku kumi, uje na kompyuta yako ikifanya kazi.

"Kuna kitu, baba?"

"Matangazo tu," nikasema.

Nimeandika neno hilo na Sauti imelirudia.

Naweza kukupa sababu zinazosikika vizuri. Ile bodaboda iliyoivunja fimbo yako nyeupe hapa Mfaranyaki, kwenye barabara unayoijua hatua kwa hatua. Nilijiuliza itakuwaje Dodoma, usikojua hata kona moja. Niliikumbuka pia siku ulipokuwa na miaka saba, nilipokuacha shule ya bweni nawe hulii, umesimama tu umeelekea upande ilikotoka sauti yangu, hata baada ya mimi kuhama pale. Sababu hizo ni za kweli. Lakini zilikuwa za juu juu. Ya ndani ni kwamba nilikuwa nimependa kuhitajika. Tangu urudi kutoka chuo ulikuwa hunihitaji kwa lolote, hata chai yangu ulikuwa unaijua kwa mlio wa sukari. Kisha ghafla kila asubuhi unaniita, "Baba, njoo unisomee." Nilifurahi, Skola. Wewe umekwama, na mimi nilikuwa nafurahi.

Nilijiambia nitakuambia kesho. Asubuhi unauliza, nasema matangazo. Ukienda kuoga naifungua ile barua tena na kuisoma peke yangu, kama mtu anayechungulia jeraha. Siku ya nane mama yako akarudi kutoka Maposeni alikokuwa akipukuchua mahindi na bibi.

Mama yako aliishia darasa la saba, Kiingereza hajui hata cha kusalimia. Jumamosi ile ulimwita yeye. Ukamwambia, "Mama, kuna orodha hapa. Nitajie kila unachokiona, hata usichokielewa." Naye akaweka kidole kwenye kioo na kutaja herufi moja moja, mstari wa kwanza kabisa, bila kuruka hata nukta. Alipofika kwenye zile nne, akasema pole pole: "H. D. M. I."

Ulicheka mpaka ukashika tumbo. Mama yako akadhani amekosea.

"Hujakosea, mama. Hilo ni tundu la kuunganishia televisheni. Kompyuta imedhani ina televisheni, inaongelea huko. Siku zote hizi ilikuwa inaniambia kila kitu."

Mstari ule nimeuruka siku tatu. Mama yako ambaye hakuuelewa aliutaja wote, na mimi niliyejiona naelewa nilikunyima. Nilitoka nje, nikajifanya natafuta kuku.

Sisi televisheni hatuna, nawe ulitaka uisikie kwanza huko, kisha uihamishie kwenye spika mwenyewe. Ndiyo maana Jumapili baada ya misa ya kwanza tulikwenda watatu kwa Mama Ngonyani, kwenye mgahawa wake, kompyuta ikiwa kwenye kitenge. Nilijua ile barua imo humo na nilijua kesho yake ndiyo siku ya mwisho. Njia nzima nilitaka kusema. Nilikuambia kuna dimbwi upande wa kushoto. Ndilo pekee nililosema.

Watu walikuwa wanakunywa supu, televisheni inaimba kwaya. Ulimwamkia Mama Ngonyani shikamoo, ukamwomba waya unaotoka kwenye king'amuzi kwenda kwenye televisheni, dakika tano tu. Mzee mmoja akanung'unika kuhusu kwaya yake. Mama Ngonyani akamwambia anywe supu. Wewe ukaupapasa waya ule, ukalipata tundu, ukauchomeka.

Usiku uliotangulia hukuizima kompyuta, uliifunga tu. Na wa mwisho kuifungua alfajiri ile, wakati wewe na mama yako mnavaa, nilikuwa mimi. Niliiacha ile barua ikiwa wazi.

Ukabonyeza kitufe cha kusoma, na televisheni ya Mama Ngonyani ikafungua mdomo. Ilikuwa Sauti, ile ile, padri wetu mgeni, ila sasa kubwa kiasi kwamba vikombe vililia. Ikataja jina lako lote. Ikasema kituo kina furaha kukualika. Ikataja kazi, mahali, mambo ya chumba. Watu wakaacha vijiko. Ikasema unaombwa kujibu kabla ya Jumatatu saa sita mchana. Na ikasoma siku barua ilipotumwa.

Mama yako alinigeukia. Sijawahi kutazamwa hivyo na mtu aliyezoea kunitazama.

"Hongera, Skola," akasema Mama Ngonyani, akipangusa mikono. "Lakini mwanangu, mbona ya wiki ile? Hamkuiona?"

Vidole vyako vilikuwa juu ya vitufe na havikusogea. Nilijua umeshafika. Kichwa kile kilichokariri kila hatua ya kompyuta kilikuwa kimepiga hesabu zote: nani alikuwa akisoma, asubuhi ngapi, matangazo mangapi. Nilisubiri useme. Nilistahili useme, hapo hapo, mbele ya supu za watu.

"Baba alikuwa na kazi nyingi mashineni," ukamjibu Mama Ngonyani. "Msimu wa mahindi, si unajua."

Kisha ukainama, ukatafuta ile orodha, ukahamisha sauti kutoka kwenye televisheni kwenda kwenye spika. Televisheni ikanyamaza katikati ya neno, na neno likamalizikia mapajani kwako, dogo, la kwako peke yako. Mzee wa supu akapiga makofi. Ukaegemea ukuta wa mgahawa na kuandika majibu. Ulipomaliza ulimrudishia Mama Ngonyani waya wake na kumshukuru, ukashika mkono wa mama yako. Siku zote barabarani unashika wangu.

Mwanangu, nilikuficha barua. Niliona, nikaelewa, nikakudanganya siku tisa, asubuhi kwa asubuhi. Hukuwahi kuniuliza, na kwa kuwa hukuuliza nami nikajinyamazia, nikaugeuza ukarimu wako kuwa maficho. Leo natoka. Nisamehe. Sikuombi uniambie umenisamehe.

Niliyoyaona baada ya hapo yamenifundisha zaidi ya mahubiri yote niliyosinzia. Ulikaa wiki nzima na ile kompyuta, sasa ikiwa na mdomo. Kuhusu kadi ya intaneti uliyoambiwa haitafanya kazi, uliwaandikia watu wa mbali, mmoja akakujibu asubuhi na mwingine jioni, hawajuani hata wao kwa wao, na siku ya tatu ikakubali. Kamera uliitengeneza ingawa huna haja nayo. Nilipouliza kwa nini, ulisema wao Dodoma wanaona, na wana haki ya kuona wanaongea na nani. Kisha ukakaa kuandika maelezo ya yote uliyoyapitia, hatua kwa hatua, ili kipofu mwingine mwenye kompyuta kama hiyo, popote alipo, asikae kimya wiki mbili. Nilikuwa napita nikasikia Sauti ikikusomea mstari wa mwisho: shukrani kwa mama yangu, aliyesoma herufi nne. Jina langu halikuwemo, na ilikuwa haki. Hapo ndipo nilipopata jibu la lile swali langu, mtu asiyekujua akusaidie kwa sababu gani. Nilikuwa na jibu hilo nyumbani kwangu, limekaa kwenye kiti cha jikoni.

Nilikuwa nadhani ushujaa wako ni kuvumilia. Watu wanakusifia hivyo kanisani, nami nilikuwa naitikia. Sivyo. Wewe huvumilii kabisa. Kitu kikikataa unakirudia, unakizunguka, unauliza, unabadili jambo moja, unakirudia tena, na unakumbuka ulibadili nini. Mimi mashine ikigoma naipiga teke kwanza. Nina miaka hamsini na sita na nimeanza kujifunza kwako kubadili jambo moja kwa wakati. Wiki iliyopita mkanda uliteleza, nikasimama nikatafakari, na vijana wa pale mashineni wakaniuliza kama naumwa.

Huko uendako watakuwepo watu wema. Hao ndio wa kuangalia. Mkorofi utamjua kwa mlio. Ila mwema atasimama begani kwako na kukupunguzia, atakuambia hamna kitu, ni takataka, na hatajua anachokufanyia, kama mimi wiki ile ya kwanza. Baada ya wiki ya kwanza mimi nilijua.

Nimalizie kwa jambo la Jumanne, ambalo hatujalizungumza.

Mkataba ulipokuja kwa basi ulikuwa wa karatasi, kurasa nne, na Sauti haisomi karatasi. Mama yako alikuwepo, amekaa hapo hapo anachambua maharage, na wote watatu tulijua nani anasoma vizuri zaidi katika nyumba hii. Nilishaanza kuinuka niwapishe. Ulinyoosha mkono na zile karatasi kuelekea upande wangu, ukasema, "Baba, nisomee."

Mama yako aliacha kuchambua.

Nilivaa miwani. Nilisoma jina la kituo na sanduku la posta. Nilisoma majukumu yako, saa za kazi, likizo. Kwenye ukurasa wa tatu nilikuta pale panaposema miezi mitatu ya mwanzo ni ya majaribio, na kwamba wanaweza kukurudisha bila kutoa sababu. Hayo ni maneno ambayo yangekutia hofu, na pia ni maneno ambayo baba mwenye kutaka mwanawe abaki angeyasoma kwa sauti ya juu sana. Niliyasoma kwa sauti ile ile niliyosomea sanduku la posta. Nikaendelea. Nilisoma maandishi madogo ya chini. Nilisoma namba za kurasa. Kulikuwa na muhuri umefifia, nikakutajia herufi zinazoonekana na zisizoonekana nikakuambia hazionekani.

Nilipofika mwisho nilikushika kidole nikakiweka kwenye mstari wa sahihi. Ulikuwa na kalamu mkono wa pili.

"Ndiyo yote?" ukaniuliza.

Nikasema ndiyo yote.

Ukatia sahihi.

Nasikia mama yako anakukaribisha getini. Naihifadhi barua hii mahali utakapoikuta ukifungua, na naifunga kompyuta yako.

Baba yako,
Mfaranyaki, Songea